Kuziba Chanzo, Kupanga Kazi au Kuvaa Kinga: Ulinganisho wa Njia Tatu za Kujilinda na Mionzi Isiyoayonisha Kazini

Katika karakana ndogo za kuchomelea magrili, anayeumia macho mara nyingi ni msaidizi wa fundi. Fundi ana kofia yake yenye kioo cheusi. Kijana anayemshikia chuma ana mkono mmoja tu ulio huru, naye huutumia kujiziba uso huku akigeuza shingo na kufumba macho. Mimi nilikuwa kijana huyo kwa likizo moja ya skuli, katika banda la bati pembezoni mwa Mwanakwerekwe, Unguja. Mchana sikuhisi lolote. Usiku wa manane niliamka nikidhani mtu amenimwagia mchanga machoni. Machozi yalikuwa hayakatiki, na hata mwanga wa kibatari ulinichoma. Bibi akaja na maziwa ya ng'ombe kwenye kijiko, kama wafanyavyo wengi hadi leo, na maziwa hayo hayakuleta nafuu yoyote zaidi ya kulitia hatarini jicho lililokwisha kuchubuka. Nilipofika kazini fundi alinitazama, akacheka, akasema: "Haya, umeshakuwa fundi sasa."

Kilichonipata ni kuvimba kwa konea, yaani utando wa mbele wa jicho, kutokana na mionzi ya urujuanimno (UV). Kwa kawaida dalili zake hujitokeza baada ya muda wa saa 6 hadi 12 tangu macho yapigwe na mwale wa kuchomelea, kisha hupoa ndani ya siku moja au mbili, na kuchelewa huko ndiko kunakowafanya watu wasihusishe maumivu ya usiku na kazi ya mchana.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye karakana, meneja wa hoteli, kiongozi wa kikundi cha mwani au msimamizi wa zahanati ambaye anajua kwamba analazimika kufanya jambo, ila fedha za kufanya yote kwa mara moja hana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Namba 8 ya mwaka 2005, inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda walio kazini kwake, kwa hiyo swali linalobaki ni la kuanzia wapi. Mbele yake zipo njia tatu: kuziba chanzo cha mionzi, kupanga kazi kwa umbali na saa, au kuwavalisha watu vifaa vya kinga.

Mionzi inayozungumzwa

Mionzi isiyoayonisha ni ile ambayo nguvu yake haitoshi kung'oa elektroni kwenye atomu, na hapo ndipo inapotengana na eksirei. Jina hilo limewadanganya wengi wakadhani kuwa haina madhara. Urujuanimno, wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 100 na 400, hubabua ngozi na utando wa mbele wa jicho. Infraredi hupenya ndani ya jicho na kulipasha joto, na mtu anayeitazama kwa miaka mingi huweza kupata mtoto wa jicho. Leza yenye nguvu huchoma retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kabla mtu hajawahi kupepesa. Mawimbi ya redio, kuanzia kilohezi 100 hadi gigahezi 300, hupasha moto tishu za mwili.

Uzito wa ushahidi nao si sawa kwa zote. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliuweka mwanga wa jua katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, tangu mwaka 1992, na mwaka 2017 wataalamu wake wakaingiza humo urujuanimno wa kuchomelea pamoja na moshi wake. Mawimbi ya redio yaliwekwa mwaka 2011 katika kundi la 2B, ambalo ni la vitu ambavyo huenda vikawa vinasababisha. Kwetu hofu imepinduka: mnara wa simu hulalamikiwa mpaka kwa sheha, ilhali mwale wa kuchomelea unaowaka mbele ya njia ya watoto wa skuli haumshughulishi mtu.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia imepimwa hapa kwa maswali yale yale. Inamlinda nani, mfanyakazi peke yake au pia aliye jirani? Inazuia mionzi gani, na kwa kiasi gani? Inagharimu nini mwanzoni, na nini baadaye? Inastahimilije joto, unyevu na chumvi ya visiwani? Na mwisho, swali ambalo husahauliwa: ikishindwa, inashindwaje, kwa kuonekana au kimyakimya?

Kipimo kimoja kitasaidia kuyaelewa majibu. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi Isiyoayonisha, inayojulikana kwa kifupi ICNIRP, imeweka ukomo wa urujuanimno kuwa jouli 30 kwa kila mita ya mraba katika siku ya kazi ya saa 8, baada ya kuzingatia ukali wa kila urefu wa wimbi. Mtu aliyesimama bila kinga karibu na mwale wa kuchomelea huweza kuumaliza ukomo huo wa siku nzima ndani ya sekunde chache.

Vitabu vya usalama kazini huzipanga njia hizi kwa daraja, chanzo kwanza, mpangilio pili, mavazi mwisho. Daraja hilo lina mantiki yake, kwa kuwa kila unaposhuka unategemea zaidi kumbukumbu na subira ya binadamu. Hata hivyo liliandikwa na watu wenye viwanda vyenye kuta. Mkulima wa mwani wa Jambiani hana ukuta, na jua halina swichi.

Njia ya kwanza: kuziba chanzo

Kuziba chanzo ni kuweka kitu kati ya mionzi na watu kabla haijawafikia. Kwa mchomeleaji ni pembe iliyozungushiwa bati au mapazia maalumu. Kwa taa za kuua vijidudu za nanomita 254, zilizopata umaarufu wakati wa UVIKO-19, ni kabati ambalo taa yake hujizima mlango ukifunguliwa. Kwa wafanyakazi wa juani ni kivuli cha banda au cha mwembe.

Anayelindwa. Njia hii humkinga kila aliye nje ya kizuizi bila kumtaka afanye lolote: mpita njia, mteja aliyekuja kuulizia bei, wazee waliokaa barazani mkabala. Aliye ndani hapati chochote, na pengine hali yake huwa mbaya zaidi, kwa sababu bati jipya linalong'aa na alumini hurudisha urujuanimno na kumpiga mchomeleaji nyuma ya kofia yake. Dawa yake ni kupaka ndani rangi isiyong'aa yenye zinki oksaidi au titani dioksaidi, ambazo hunyonya urujuanimno hata kama rangi yenyewe ni nyeupe. Hili huwashangaza watu, kwa kuwa jicho letu huona weupe na kudhani kila mwanga unarudishwa.

Inachozuia. Bati, tofali na ubao hukata urujuanimno wote. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia nanomita 254 na sehemu kubwa ya urujuanimno unaobabua ngozi, lakini hupitisha kiasi kizuri cha ule wa mawimbi marefu, hivyo dirisha la duka halihesabiwi kuwa ukuta. Polikaboneti, ambayo ni plastiki ngumu, hupitisha mwanga wa kuonea na kuzuia karibu urujuanimno wote, ila peke yake haipunguzi ukali wa mwale unaoonekana. Kivuli cha jua hakijakamilika: mionzi husambazwa na anga yenyewe, mchanga mkavu wa pwani hurudisha takriban asilimia 15 na povu la bahari asilimia 25, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani. Aliyekaa chini ya banda lililo wazi pande nne huko Paje amepunguziwa, hajaepushwa.

Gharama. Unalipa mara moja na kizuizi hudumu, na bati la mkono wa pili linafaa sawasawa na jipya. Gharama ya kweli ni nafasi. Fremu nyingi za kupangisha katika mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja, hazina pembe ya kuzungushia kitu, na kazi nzito ya geti hufanyika barazani kwa kuwa ndani haliingii.

Hali ya hewa. Hapa pana mgongano usiokwepeka. Ukiziba mwale unaziba na upepo, na moshi wa kuchomelea uko katika kundi lile lile la kwanza la visababishi vya saratani. Kwa hiyo kizuizi huachwa wazi juu, na chini huinuliwa nusu mita hivi kutoka sakafuni ili hewa ipite. Anayejenga kizuizi cha kudumu autazame upepo kwanza: kaskazi huvuma kutoka upande mmoja na kusi kutoka upande wa pili, na pembe iliyopoa mwezi wa Januari huweza kuwa tanuri mwezi wa Juni. Turubai la plastiki na makuti havifai karibu na cheche, na sidhani kama jambo hilo linahitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kuona moto wa makuti.

Inaposhindwa. Hushindwa kwa kuonekana. Tundu la bati na pazia lililochanika humwonesha hata mgeni kuwa pana kasoro. Hatari iliyojificha ni ya swichi za mlango, ambazo mfanyakazi mwenye haraka huzifunga kwa selotepu ili mashine isizime, na kuanzia siku hiyo kabati hubaki kuwa pambo.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye eneo la kudumu, kazi inayofanyika mahali pamoja, na majirani wengi. Haimfai fundi anayebeba mashine kwenda kuchomelea dirisha ghorofani kwa mteja.

Njia ya pili: kupanga kazi

Njia hii haihitaji kitu cha dukani. Hubadilisha nani anakuwa wapi, saa ngapi, kwa muda gani na kwa ruhusa ya nani. Alama za tahadhari, mafunzo, zamu na funguo za mlango wa paa zote zimo humu.

Anayelindwa. Humlinda kila mtu aliyeingizwa katika mpango, na humsahau yule ambaye hakufikiriwa. Katika karakana mpangaji huwahesabu mafundi na wasaidizi wao. Mama anayeuza urojo mlango wa pili haingii katika hesabu.

Inachozuia. Nguvu ya mionzi inayotoka kwenye chanzo kidogo hupungua kwa mraba wa umbali. Tuchukue mfano wa hesabu tu: ikiwa aliye mita 1 anaumaliza ukomo wake wa siku kwa sekunde 10, aliye mita 3 ataumaliza kwa sekunde 90, na aliye mita 10 kwa sekunde 1,000, ambazo ni dakika kumi na saba hivi. Umbali umesaidia mno kwa mpita njia. Kwa fundi cherehani aliyeketi mkabala kutwa nzima, mita kumi hazikutosha, isipokuwa mwale unawaka kwa muda mfupi tu katika siku.

Kwa jua, mpango ni saa. Katika kipimo cha ukali wa urujuanimno wa jua (UV Index), Shirika la Afya Duniani huhesabu kiwango cha 11 na kuendelea kuwa ni cha juu kupindukia, na kwa kisiwa kilicho nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kama Unguja, kiwango hicho hufikiwa mara kwa mara jua likiwa juu. Mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi wa Machi na mapema mwezi wa Oktoba, jua la mchana hupita utosini hasa. Waashi wanaoanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kupumzika kuanzia saa tano hadi saa tisa hukwepa sehemu kubwa ya mionzi ya siku, na joto pia. Atakayesema saa za kazi hazibadiliki akumbuke Ramadhani, ambapo karakana nyingi ninazozijua huhamisha kazi zao baada ya futari wala hakuna anayelalamika.

Kwa wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake, mpango huo unagonga mwamba. Kilimo hiki cha biashara, kilichoanza Zanzibar mwaka 1989, huendeshwa na maji. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hapo ndipo kamba zinapofungwa na kuvunwa, kwa hiyo mama hutoka baharini jua likiwa limeshapanda kichwani. Kumwambia aende alfajiri ni kumwambia akalime ndani ya kina cha maji.

Kwa mawimbi ya redio, mpango ndio njia yenyewe hasa. Miongozo ya ICNIRP ya mwaka 2020 imeweka ukomo wa wastani wa wati 0.4 kwa kila kilo ya mwili mzima kwa mfanyakazi aliyefundishwa, na wati 0.08 kwa mtu wa kawaida, kwa kipindi cha dakika 30. Antena bapa za simu hutupa nguvu zao mbele, usawa na pale zilipo, na huacha kidogo sana nyuma na chini yake. Anayepita barabarani hayuko kwenye njia hiyo. Aliyepo ni kijana aliyepandishwa kwenye paa la hoteli kupaka rangi tangi la maji, akisimama mita moja mbele ya antena bila kujua kuwa inafanya kazi, kwa sababu haitoi mlio wala mwanga.

Gharama. Fedha taslimu ni kidogo. Kinacholipwa ni muda wa msimamizi, na ni malipo ya kila siku. Karakana ya mtu mmoja, ambaye ndiye fundi, msimamizi na mpokea wateja, haiwezi kuyalipa kwa muda mrefu.

Hali ya hewa. Njia hii haiongezi uzito wala jasho. Hilo peke yake ni sifa kubwa katika nchi yetu.

Inaposhindwa. Hushindwa kimya na kwa sababu nzuri. Siku tatu kabla ya Idi mteja anataka geti lake, na mpango wa kutochomelea wakati watoto wanatoka skuli hufutwa kwa siku moja, kisha kwa wiki. Funguo ya mlango wa paa huachwa kwenye msumari ili isisumbue.

Inamfaa nani. Inamfaa mwajiri mwenye watu kadhaa na msimamizi anayesikilizwa, na kila mahali ambapo chanzo ni cha mtu mwingine, kama vile antena ya kampuni ya simu iliyopanga juu ya paa lako.

Njia ya tatu: kuvaa kinga

Hii ndiyo inayonunuliwa kwanza, kwa sababu inashikika mkononi na risiti yake huoneshwa mkaguzi.

Anayelindwa. Ni mvaaji peke yake, tena kwa muda aliovaa. Kofia moja katika karakana yenye watu wawili inamlinda nusu ya wafanyakazi.

Inachozuia. Vioo hupewa namba, na namba ikipanda giza la kioo huzidi. Kwa kuchomelea kwa elektrodi, yaani vijiti vya kuchomelea, kioo cha namba 10 hushauriwa kwa mkondo wa ampea 60 hadi 160, na namba 12 kwa ampea 160 hadi 250. Kuchomelea kwa gesi huhitaji kioo chepesi zaidi, namba 5 au 6 kwa kazi nyingi za kawaida. Miwani ya jua haimo kabisa katika mpangilio huu, hata ikivaliwa miwili kwa pamoja, jambo ambalo nimelishuhudia. Kwa kazi za juani yenyewe, miwani nyeusi isiyo na kichujio cha urujuanimno huweza kudhuru zaidi kuliko kukaa bila miwani, kwa kuwa giza lake huifanya mboni ifunguke na kukaribisha mionzi. Miwani ya leza hutengenezwa kwa urefu mahususi wa wimbi: inayozuia nanomita 1064 si lazima izuie nanomita 532, kwa hiyo namba iliyochapishwa pembeni ilinganishwe na namba ya mashine kabla ya kuvaliwa.

Kwa mchomeleaji kuna aina tatu za kinga ya uso, na tofauti zake zinafaa kutazamwa kwa karibu. Ngao ya kushika mkononi ni rahisi kuliko zote, lakini hunyang'anya mkono mmoja, ndiyo maana anahitajika kijana wa kushika chuma. Kofia ya kioo kisichobadilika huiachia mikono yote miwili, ila fundi haoni kitu mpaka mwale uwake, kwa hiyo huchokoza chuma kwa elektrodi akiwa ameinua kofia na kuishusha kwa kutikisa kichwa, na mara nyingine mwale humtangulia. Kofia ya kioo kinachojitia giza hukaa katika namba 3 au 4 wakati wa kutazama, kisha hubadilika ndani ya muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Iliyotengenezwa kwa viwango huendelea kuzuia urujuanimno na infraredi hata betri ikifa, maana kichujio hicho hakitegemei umeme. Bei yake ni mara kadhaa ya kofia ya kawaida, na ina udhaifu mmoja ambao wauzaji hawautaji: vihisio vyake vikifunikwa na bomba au pembe ya grili, kioo hakitambui mwale.

Ngozi nayo hulindwa kwa nguo. Fulana nyepesi hupitisha urujuanimno, na shingo iliyo wazi chini ya kidevu hubabuka kwa umbo la kola. Ngozi ya mnyama au pamba nzito hufaa. Poliesta huyeyuka ikipata cheche. Kwa kazi za baharini, kanga nyepesi iliyolowa huzuia mionzi kidogo kuliko ikiwa kavu, na ya rangi iliyokoza yenye ufumaji uliobana huzuia zaidi. Kofia ya viua ni heshima, ila haina ukingo na haikingi jicho. Kofia ya ukili yenye ukingo mpana hukinga jicho, masikio na shingo, na hufumwa hapa hapa.

Kwa mawimbi ya redio, nguo za kinga zipo, lakini ni ghali, zina masharti mengi, na sioni mahali padogo pa kazi panapoweza kuzitegemea.

Gharama. Mwanzoni ni nafuu, kisha haina mwisho. Kioo cha nje kinachopokea vidonge vya chuma hubadilishwa mara kwa mara, na asiyekibadilisha huishia kuinua kofia ili aone.

Hali ya hewa. Huu ndio udhaifu mkubwa wa njia hii visiwani. Koti la ngozi mchana wa Februari halivaliki kwa zaidi ya kazi fupi, jasho hutia ukungu kwenye kioo, na chumvi hula vishikizo vya kofia mpaka ikawa haitulii ikiinuliwa.

Inaposhindwa. Hushindwa bila dalili. Kioo kilichopata ufa, miwani iliyokwaruzika na kofia iliyotundikwa msumarini vyote huonekana kama kinga iliyopo.

Inamfaa nani. Inamfaa anayehamahama, anayefanya kazi peke yake, na anayefanya kazi mahali ambapo chanzo hakizibiki wala saa hazichaguliki.

Mwongozo kwa hali mbalimbali

Karakana iliyo barabarani, yenye fundi mmoja na msaidizi. Ikiwa fedha zinatosha kitu kimoja kwa mwezi huu, nunua kinga ya pili ya uso kwa ajili ya msaidizi, hata kama ni ya kioo kisichobadilika, kabla ya kubadilisha kofia ya fundi iwe ya kisasa. Mwezi unaofuata weka kizuizi cha bati upande wa watu wengi. Kilio cha tahadhari kabla ya mwale, fundi akiita "Macho!" na kusubiri wote wageuke, hakigharimu kitu na huanza leo. Chuma kilichosafishwa kwa kiyeyusho chenye klorini kisichomelewe kabla hakijakauka kabisa na mvuke wake kuondoka, kwa kuwa urujuanimno huweza kuugeuza mvuke huo kuwa gesi ya fosjini, ambayo ni sumu kali.

Karakana kubwa yenye mafundi kadhaa. Hapo vizuizi kati ya meza na meza ndivyo vinavyotangulia, maana jicho la fundi huumizwa na mwale wa jirani yake anapoinua kofia. Kofia peke yake haitibu hilo.

Fundi wa kuhamahama. Kofia ya kujitia giza inarudisha gharama yake kwa kuwa huweza kufanya kazi bila mshikaji. Abebe na kipande cha turubai zito la pamba cha kuziba upande wa wenye nyumba, na mkazo wake uwe kwa watoto, ambao huja kutazama fataki.

Kikundi cha mwani, wavuvi na waokota pweza. Saa ni za maji, kwa hiyo mavazi ndiyo ya kwanza: mikono mirefu ya kitambaa kilichobana, kofia yenye ukingo juu ya mtandio, na miwani yenye maandishi ya kuzuia urujuanimno hadi nanomita 400. Kuzama hadi kiunoni hakukingi. Nusu mita chini ya maji bado ipo asilimia 40 ya mionzi iliyo juu. Kazi za kufunga mbegu kwenye kamba zinazoweza kufanyika nchi kavu zihamishiwe bandani. Ngozi nyeusi hupunguza saratani ya ngozi, ila haina msaada kwa jicho, na kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho hujulikana vyema pwani.

Sehemu yenye mfanyakazi mwenye ualbino. Njia zote tatu hutumika kwa pamoja kuanzia siku ya kwanza, na kazi ya kivulini apewe kwa kushauriana naye, isiwe ya kumshusha cheo.

Hoteli au jengo lenye antena paani. Usinunue nguo yoyote. Omba kwa mwenye antena ramani inayoonesha umbali wa kukaa mbali, funga mlango wa paa, na fundi wa tangi au wa viyoyozi asipande kabla ya kuthibitishiwa kuwa antena iliyo mbele yake imezimwa. Mwenye kifaa cha kudhibiti mapigo ya moyo asipande bila ushauri wa daktari. Kukiwa na shaka ya viwango, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo inayohusika na usalama wa mionzi.

Kliniki ya tiba ya viungo yenye mashine ya joto la mawimbi mafupi, ambayo hufanya kazi kwa megahezi 27.12. Mtaalamu aiwashe, kisha asogee mita moja au zaidi kutoka kwenye nyaya na bamba zake, na kitanda kiwe cha mbao. Kitanda cha chuma huvuta nguvu hizo na kuzipeleka pasipotakiwa.

Maabara au chumba chenye taa ya nanomita 254. Kabati na swichi ya mlango vinatangulia. Kila Jumatatu, kabla ya taa kuwashwa, mtu mmoja aliyetajwa kwa jina aitazame swichi hiyo kama ina selotepu.